Kisu Kilicholala Ndani ya Mzigo

Kwanza mnisamehe kwa mwandiko wangu. Shule niliiachia darasa la saba, na tangu hapo mkono wangu umezoea pasi ya makaa kuliko kalamu. Herufi zangu zinalala upande mmoja kama nyasi baada ya mvua, na pengine mtakuta neno nimeliandika jinsi linavyosikika hapa Juba, si jinsi mwalimu alivyolitaka. Tena naandika polepole. Nikishaandika neno huwa nakaa nalo kidogo, nalitazama, na mara nyingine jioni inaisha nikiwa bado nalitazama.

Habari ninayotaka kueleza ni ya kisu cha kwetu, na safari niliyokwenda nacho Kenya kwenye harusi ya dada yangu.

Ni kisu, ingawa mgeni akikiona hawezi kukiita hivyo. Ni chuma bapa cha mviringo chenye tundu katikati la kupitisha mkono, kama bangili iliyo pana kuliko kiganja. Ukingo wa ndani umezungushiwa ngozi ili usimkate mwenye kukivaa. Makali yako kwenye ukingo wa nje, nayo huvishwa ala ya ngozi nyembamba ambayo huvuliwa siku ya kazi tu. Mwanamume wa kwetu akifunga laawa, ile shuka yetu ya sherehe, fundo likakaa juu ya bega moja, na kisu kikawa kwenye mkono wa kulia, hapo ndipo husemwa amevaa. Akiwa na laawa bila kisu, wazee husema amejifunika tu.

Kwetu ni milimani, upande wa mashariki, na mimi napajua kwa masimulizi ya mama. Nililelewa Kenya kwa shangazi, pamoja na dada, kisha mama akaniita Juba nilipoanza kuota ndevu, na dada akabaki. Kwa hiyo mila zetu nimezipokea kama mtu anayesikia ngoma ya kijiji cha pili. Zinanifikia, lakini zimepita juu ya miti kwanza. Najua kwamba kisu hiki hakipokezwi mkono kwa mkono. Anayetoa anakilaza chini na kurudi nyuma, na anayepokea anainama kukiokota mwenyewe, ili chuma kisishikwe na damu mbili kwa wakati mmoja. Najua pia kwamba kikisafiri husafiri mkononi, pamoja na nguo yake. Mjomba, kaka yake mama, hupenda kusema kwamba kisu kilicholala ndani ya mzigo huamka kikiwa cha mwizi.

Na kazi yake kubwa ni moja. Dada yangu alifungwa uzi wa shanga kwenye kifundo cha mguu na bibi yetu, siku alipoanza kutembea. Uzi ukarefushwa kadiri mguu ulivyokua. Shuleni aliuvaa chini ya soksi, na mwalimu alipomwambia auvue, alilia mpaka mwalimu akachoka. Msichana wa kwetu hauvui. Siku anapotoka kwenda kwa mume, ndugu yake wa kiume hupiga goti mlangoni na kuukata kwa kisu kile, shanga zinamwagika, naye anaziruka bila kutazama nyuma. Asipokatiwa, mguu wake mmoja unabaki nyumbani. Ataolewa, atazaa, lakini usingizi wake kila siku utakuwa unarudi kusimama kwenye mlango wa kwao, ukibisha.

Baba alikwisha kufariki, na ndugu wa kiume ni mimi peke yangu. Kwa hiyo ulipofika ujumbe wa dada kwamba anaolewa, na kwamba upande wa mume umenikatia tiketi ya ndege, mama alinitazama mikono badala ya uso. Yeye mwenyewe hakuwa wa kwenda. Kwetu mama hamwoni binti akivuka mlango.

Mimi ni mtu wa aibu. Kazini kwangu mtaa wa Hai Jalaba, kwenye duka la kushona ninakopiga pasi na kutia vifungo, nimejichagulia mahali nyuma ya nguo zinazoning'inia. Wateja wengi wanaijua miguu yangu tu. Fundi mwenye duka ni Mganda mcheshi, na nilipompelekea kitambaa cha laawa akikunje pindo, alikigeuza huku na huku akitafuta mahali pa kuanzia.

"Hii nguo haina mkono, haina mfuko, haina zipu," akasema. "Sasa mimi iko na kazi gani? Nyinyi mnataka kuua cherehani yangu."

Lakini alilikunja pindo vizuri kuliko yote niliyowahi kumwona akikunja, akakataa kuniambia bei, akanisukuma nirudi kwenye pasi.

Kisu kilikuwa kwa mjomba, kule Nesitu, kwenye barabara ya Nimule, anakoziba pancha za malori. Nilimkuta amekaa juu ya tairi, mguu wake mbaya ameunyoosha mbele. Huo mguu ndio uliomzuia kusafiri pamoja nami, na nadhani wote wawili tulikuwa tukiufikiria. Akaingia ndani, akakaa sana, akatoka na kisu kimefungwa kwa gunia. Akakilaza chini, kwenye udongo mweusi wa mafuta ya magari, akarudi nyuma akichechemea. Lori lilikuwa linapita na vumbi lake lilitufunika wote, nikawa simwoni mjomba, nakiona kisu tu, kimetulia kama kitu kilichoachwa na mto ukikauka.

Sauti yake ikatoka kwenye vumbi. "Usimwache dada yako na mguu mmoja."

Nikainama nikakiokota.

Siku zilizofuata nilikivaa chini ya shati la mikono mirefu ili kinizoee. Jioni nilikuwa nateremka hadi bandarini, nakaa mbali kidogo na wapakizi, natazama mashua kubwa za chuma zikipakiwa magunia na vitanda na mbuzi na watu. Nilijua mto unakwenda kaskazini na dada yuko kusini. Hata hivyo akilini mwangu nilipanda, nikakaa juu ya magunia, na maji yakanipeleka pole pole mpaka mahali ambapo dada amesimama mlangoni akiwa bado mtoto, mguu mmoja umeinuliwa, akiniuliza kwa nini nimechelewa. Kisha mpakizi mmoja akapiga kelele, nami nikaamka nikiwa nimekaa pale pale, kisu kimepata joto la ngozi yangu kiasi kwamba sikuweza kujua kinaanzia wapi.

Asubuhi ya safari mama alinifunga laawa mwenyewe, juu ya shati na suruali, akalivuta fundo begani kwa meno. Akanipa ndoo ya siagi ya karanga ya kumpelekea dada. Akaingia ndani akafunga mlango, nikasikia anaanza kufagia mahali palipokuwa pameshafagiwa.

Uwanja wa ndege wa Juba, kwenye mlango wa kwanza, askari alinitazama kuanzia fundo la bega mpaka mkono, akatabasamu. Alikuwa mtu mzima, na kutokana na chale za paji la uso wake nilijua hatoki mbali na milima yetu. Akanisalimia kwa Kiarabu cha Juba, akaniuliza nani anaolewa. Nikamwambia. Akanipongeza, kisha akanieleza kwa upole kwamba ndege haina mila. Chuma hakipandi mkononi mwa mtu. Kinalala kwenye mzigo, na mzigo unalala tumboni mwa ndege, au kinabaki.

Nikasimama pale. Watu walinipita kushoto na kulia, na mimi nikawaza maneno ya mjomba ya kisu cha mwizi. Askari hakunisukuma. Mwishowe alisema, "Kijana, kisu kitafika au shanga zitabaki. Chagua."

Nikaona heri kisiachane na nguo yake. Nikaifungua laawa iliyofungwa kwa meno ya mama, nikakizungushia mara nyingi, nikakilaza ndani ya begi kando ya ndoo ya karanga, kama mtu anayemlaza mtoto kwa wageni. Begi likaenda juu ya mpira mweusi unaotembea, likapita chini ya pazia, likatoweka.

Sikuwahi kupanda ndege kabla ya hapo. Juba ilipoinama niliuona mto wote kwa mara moja, umelala unang'aa kati ya mabati ya nyumba, na nikatafuta bati letu nikakosa. Kisha mawingu yakaja chini yetu. Mwanamke aliyekaa karibu nami alilala mara moja, kichwa kikanigusa bega. Sikuthubutu kusogea. Niliutazama mkono wangu wa kulia, ulikuwa mwepesi mno, ulikuwa unataka kuelea. Chini ya miguu yangu, gizani, kisu kilikuwa kimelala ndani ya mzigo, na nilikisikia, si kwa masikio, ila kama unavyojua bila kutazama kwamba kuna mtu chumbani. Nikakiomba radhi. Nikakiambia tunakwenda kwa dada. Wingu moja lilikuwa na umbo la mlima na nikajiambia huo ndio mlima wa kwetu, kwa sababu hakukuwa na mtu wa kunikatalia.

Nairobi, begi langu lilipotoka, afisa kijana alilivuta kando. Lilikuwa limepita kwenye mashine na wameona kitu. Akaniambia nifungue. Nikatoa ndoo, nikatoa laawa, nikaifungua pole pole mpaka chuma kikaonekana.

"Hii ni diski ya klachi?" akauliza. "Unaleta spea za magari?"

Nilikuwa na mengi ya kusema na yote yalikwama. Lililotoka ni moja. "Ni nguo."

Akamgeukia mwenzake. "Ati ni nguo. Sasa hii unaitilia wapi vifungo?" Wakacheka, lakini si kwa ubaya. Kisha akanyoosha kiganja. "Haya, nipe niione hiyo nguo."

Hapo mwili wangu ulifanya ulichofundishwa. Nikakilaza chini kwenye sakafu inayong'aa, nikarudi nyuma. Na yeye akarudi nyuma, mbali kuliko mimi. Kicheko kikakatika.

"Kijana," akasema kwa sauti ya chini, "unanitegea nini hapo? Mimi ni mtu wa kanisa."

Hakutaka kukigusa, na mimi sikuweza kumkabidhi. Kikabaki pale katikati yetu, cha duara, kimya, na mtoto mmoja wa abiria akataka kukikimbilia, mama yake akamshika nguo. Mwishowe mwenzake akaniambia nikiokote mwenyewe niwafuate.

Walinipeleka kwenye ofisi ndogo ya mkubwa wao, mama wa makamo mwenye miwani iliyoning'inia kifuani. Ofisi ile ilikuwa na milango miwili. Mmoja ndio tulioingilia. Mwingine ulikuwa upande wa pili, wa kioo cha ukungu, na nyuma yake nilisikia kelele za watu wanaosubiri wageni wao. Dada yangu alikuwa mmoja wao. Simu ilikuwa inatetema mfukoni mwangu na nilijua ni yeye.

Yule mama akaniuliza ni nini, ni cha nini, kinafanya nini. Nilijibu nusu nusu. Aibu ikinishika sauti yangu inakuwa kama uzi usioingia kwenye tundu la sindano, nikisukuma zaidi inazidi kupinda. Akanisikiliza mpaka akachoka kunikisia.

"Umesema ni mavazi," akasema. "Basi vaa nione."

Nikafunga laawa mbele yao. Fundo lilikubali. Nikapitisha mkono kwenye tundu la chuma, ala ikiwa mahali pake, nikauacha mkono uteremke. Kulikuwa na dirisha kubwa nyuma ya meza, linalotazama ndege, na kwenye kioo chake nikamwona mtu. Alikuwa amevaa. Bega moja lilikuwa na shati jeupe tu na jingine lina fundo, na ndege iliyokuwa inasogea nje ilipita katikati ya kifua chake, kutoka bega hadi bega, naye hakutikisika. Nilichukua muda kujua kwamba ni mimi. Picha za baba ninazozijua ni chache na zote amekaa, lakini nadhani alisimama hivyo.

Mama wa ofisi akavaa miwani yake.

"Umependeza," akasema. "Lakini hakitoki hapa."

Akanieleza bila ukali. Chuma chenye makali kama kile hakiingii nchini bila ruhusa ya ofisi ya mjini, na ofisi ya mjini ilikuwa imefungwa hadi Jumatatu. Kitawekwa stoo, salama, nitakichukua siku ya kurudi. Yeye hana uwezo wa kufanya lingine. Nilimwamini. Alikuwa na uso wa mtu ambaye ameshasema maneno hayo kwa watu wengi na hajazoea.

Harusi ilikuwa kesho yake asubuhi. Dada angevuka mlango wa shangazi na uzi wake mguuni.

Sijui nilisimama muda gani. Nakumbuka nilikuwa natazama ule mlango wa kioo cha ukungu na vivuli vinavyopita nyuma yake, vingine virefu, vingine vifupi, vikikutana na kushikana kisha vikiyeyuka. Nilimfikiria mama akifagia. Na wazo likaja taratibu, kama mtu anayevuka barabara bila haraka: kisu hakiwezi kwenda kwa dada, lakini hakuna aliyesema dada hawezi kuja kwa kisu. Kinachotakiwa ni mlango, na mlango ulikuwa pale.

"Mama," nikasema. "Dada yangu yuko nje hapo. Yeye anaweza kuja?"

"Aje afanye nini?"

Basi nikaeleza. Nilieleza habari ya bibi na uzi, ya soksi shuleni, ya baba kutokuwapo na mimi kuwa peke yangu, ya mguu unaobaki na usingizi unaorudi kubisha. Ilikuwa hotuba ndefu kuliko zote nilizowahi kutoa, na niliitoa nikitazama viatu vyake. Nilipomaliza, ndege nyingine ilipita kwenye kioo.

"Mimi nyumbani kwetu niliondoka bila kuaga," akasema mwishowe, kama anayezungumza na meza yake. "Nilimfuata mtu. Hakuna aliyenikatia uzi wowote." Akavua miwani. "Na bado kila nikilala niko kwa mama yangu, nachota maji."

Kisha akamwambia afisa kijana aende nje akamtafute huyo bibi harusi. Akaongeza kwamba kisu kitabaki mkononi mwangu mpaka kazi iishe, na yeye atasimama karibu yangu kuliko kivuli changu.

Dada akaja kupitia mlango wa kioo. Nywele zake zilikuwa zimesukwa nusu, nusu nyingine imefunikwa kitambaa, kwa sababu alikuwa ametoroka kwa msusi ili aje kunipokea. Alikuwa na wasiwasi usoni mpaka aliponiona.

"Bro," akasema. "Umevaa kabisa." Akaweka mkono mdomoni.

Nilimweleza kwa lugha ya mama, kwa maneno machache. Alitazama ile ofisi, mafaili yake, kalenda ukutani, wale maofisa. Nilidhani atakataa. Lakini alivua kiatu, akakunja mguu wa suruali, akaweka unyayo wake juu ya kile kipande cha chuma kilicho chini ya mlango, nusu ndani nusu nje. Nikapiga goti. Nikavua ala.

Unyayo wake ulikuwa wa baridi. Shanga zilikuwa nyingi kuliko nilivyokumbuka, nyekundu na nyeupe na zile za buluu za bibi. Nikauweka ukingo wa kisu kwenye uzi, nikavuta, uzi ukateleza. Nikavuta tena. Dada akainama, akaninong'oneza kwamba alibadilisha uzi wa pamba zamani akatia mshipi wa kuvulia samaki, kwa sababu pamba ilikuwa inaoza bafuni. Nusura nicheke, nikiwa pale chini, jasho linaniingia machoni. Nikaupenyeza ukingo kwa ndani, makali yakitazama nje mbali na ngozi yake, nikageuza kifundo cha mkono wangu kama ninavyogeuza pasi kwenye kola. Mshipi ukakatika kwa sauti ndogo kama ya mtu anayebana midomo.

Shanga zikamwagika zikakimbia kila upande, chini ya meza, chini ya kabati, kwenye viatu vya maofisa. Hakuna aliyesogeza mguu. Tulizisikia zinatembea, kisha zinapunguza, kisha ya mwisho ikasimama. Na katika ukimya huo niliusikia mguu wa dada ukiinuka kutoka mkononi mwangu. Ulikuwa mzito, kisha haukuwa na uzito wowote. Akaziruka, akatua upande wa pili, miongoni mwa watu na masanduku yao, akiwa amenipa mgongo.

Nikabaki na goti chini, mkono wazi. Ndipo sauti yake ikatoka huko nje, ameganda kama mlingoti, watu wanamzunguka.

"Siwezi kugeuka," akasema. "Niletee kiatu. Na hiyo ndoo ya karanga."

Afisa kijana ndiye aliyempelekea, kiatu mkono huu na ndoo mkono huu, akitembea kwa hadhari asikanyage shanga.

Nikakivisha kisu ala yake, nikakilaza sakafuni, nikarudi nyuma. Yule mama alitazama chini, akanitazama mimi, akainama akakiokota mwenyewe.

Siku ya harusi nilisimama na laawa na mkono mtupu. Wazee wa kwetu walio Kenya waliniuliza kisu kiko wapi, dada akawaonyesha kifundo chake, alama nyeupe mahali shanga zilipokuwa, nao wakanyamaza, ingawa si kwa namna moja. Nilipompigia mama nilimweleza kila kitu. Alisikiliza, kisha akauliza swali moja tu.

"Mlango ulikuwa wa nani?"

Sikujua. Sijui hata leo. Mila inasema mlango wa kwao. Ule haukuwa wa kwetu, wala wa shangazi, wala wa upande wa mume. Kisu nilikichukua stoo siku ya kurudi, kikalala tena ndani ya mzigo, kikafika. Mjomba alikipokea Nesitu kutoka ardhini, akakigeuza, akasema anahitaji kufikiri. Bado anafikiri. Baadhi ya jamaa wanasema kazi imefanyika, uzi ni uzi. Wengine wanasema nilikata uzi tu, dada sikumfungua, na kwamba afungwe shanga upya aje Juba akatiwe kwenye mlango wa mama. Dada anacheka kwenye simu, anasema hawezi kufungwa ili afunguliwe. Anasema analala vizuri. Haoti nyumbani kabisa, na akisema hivyo huwa kuna kitu kinapungua kwenye sauti yake, nami namsikia mama upande wangu akivuta pumzi, maana ndicho alichokitaka na ndicho kinachomuuma.

Sasa dada ana mimba, na mama anataka jambo hili liamuliwe kabla mtoto hajaja. Ananiuliza mimi, kwa kuwa mimi ndiye niliyeushika ule mguu. Namwambia nilivyousikia ukiinuka. Ananiambia nieleze tena. Naeleza. Jana alinitaka niandike, niwaulize watu wa kwingine, wenye mila zao na visu vyao, waliowahi kuvuka mipaka navyo.

Kwa hiyo nawaomba. Kama kwenu kuna jambo linalotakiwa lifanyike nyumbani, nanyi mkalifanya ugenini, niambieni kama lilishika. Andikeni kupitia hapa hapa mliposomea habari hii. Mwandiko wowote nitausoma, hata ukiwa mbaya kama wangu. Nitasoma polepole, kwa sauti, mama akiwa amekaa karibu, na kabla ya mvua kubwa kuanza ikiwezekana, kwa sababu mtoto anatarajiwa wakati huo.